Sauti ya Bibi Machozi

Watu walimwita Kasuku, na tusidanganyane, jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kona ya banda la video, kando ya skrini, maiki mkononi, akizitafsiri filamu za kigeni kwa watu waliolipa kiingilio na kubanana kwenye mabenchi. Akiongea mwanamume kwenye filamu, Kasuku anakoroma. Akiongea mwanamke, anabana pua. Bastola ikilia, anafunga domo na kupandisha sauti ya filamu ili watu waupate ule mlio vizuri, halafu anarudi na maneno yake. Mtu mmoja, sauti kumi, na chupa ya maji ya kulainisha koo.

Lugha ya filamu zenyewe, sasa, hakuijua. Hata kidogo. Alijua "halo" na alijua "oke", na hapo ndipo elimu yake ilipoishia. Lakini asubuhi, kabla watu hawajaja, alijifungia bandani peke yake akaitazama filamu ya siku hiyo mwanzo mpaka mwisho. Akishajua nani anakufa, nani msaliti na nani anamzunguka nani, mengine yote aliyatunga. Na wateja walijua kwamba anatunga, msidhani walikuwa wajinga. Siku moja kijana wa chuo aliyeijua lugha ile alisimama katikati ya filamu akapaza sauti, "Hajasema hivyo!" Walimvuta shati wakamkalisha. "Kwani wewe umekuja kusoma?" aliulizwa, na filamu ikaendelea.

Walichopenda zaidi ni filamu za kusisimua, zile ambazo bandani waliziita "roho juu". Simu inalia, ukipokea hakuna mtu. Nyumba ina chumba kimoja kisichofunguliwa. Mume anaaga asubuhi, mke hajui anakwenda wapi. Waigizaji wa filamu hizo Kasuku aliwabatiza mwenyewe, maana majina yao yalipita mwanzoni kwa herufi kubwa na hakuna aliyehangaika kuyasoma. Stelingi mmoja mrefu, shujaa wa filamu asiyevua koti hata jua liwe la kuchoma utosi, akawa Koti. Jambazi mwenye alama shavuni akawa Kovu, na Kovu akionekana tu, hata kama safari hii amekuja kuuza maziwa, banda zima lilipiga kelele: "Usimfungulie!" Alikuwepo Upara, ambaye kila filamu ni polisi na kila filamu ndiye msaliti. Na alikuwepo Bibi Machozi, mwenye macho makubwa kama visahani, aliyezaliwa kuwa mke wa mtu mwenye siri. Huyo akianza kulia, Kasuku alibana pua mpaka mwisho, na watu walivunjika mbavu.

"Leo Koti yumo?" waliuliza mlangoni.

"Yumo."

"Anakufa?"

"Stelingi hafi. Wewe umezaliwa jana?"

Basi ndivyo alivyokula mkate wake. Jambo moja tu hakuliweza, nalo ni kimya. Midomo ya mtu ikicheza kwenye skrini na yeye hana la kusema, alijisikia kama mtu aliyeshikwa uchi. Hapo aliokota chochote: ugomvi aliousikia bombani, maneno ya mama mwenye nyumba, kikohozi cha jirani. Alivitia chumvi akavimwaga kwenye maiki, na watu walicheka kwa sababu walivijua.

Mtu wa karibu aliyekuwa naye duniani ni dada yake. Mama yao alifariki Kasuku akiwa bado anaota meno ya pili, na dada ndiye aliyemlea, kwanza peke yake, kisha na mumewe. Huyo shemeji hakunung'unika hata siku moja. Alimpa mtoto wa watu mahali pa kulala sebuleni, akamnunulia viatu vya shule, akamfundisha kunyoa ndevu bila kujikata. Alikuwa mkata sponji katika kiwanda cha magodoro. Alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye nyusi, ovaroli lake la kijani amelikunja vizuri mkononi. Mtu wa maneno machache na heshima nyingi. Kasuku alimpenda kama baba, ingawa hakuwahi kumwambia, kwa sababu kwa sauti yake mwenyewe Kasuku hakuwa msemaji.

Alasiri moja alipita kwa dada yake akamkuta kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali lakini haukanyagi. Alikuwa ameshika sketi ya sare ya shule na kuitazama tu.

"Dada, vipi? Unaumwa?"

"Siumwi." Kisha akalia.

Mambo yakatoka. Shemeji alikuwa ameachishwa kazi. Kiwanda kimeleta mashine mpya ya kukata sponji, na wakataji wote wameambiwa asanteni. Dada alijua kwa bahati mbaya: mumewe alisahau miwani, naye akampelekea hadi getini, na mlinzi akamtazama kwa huruma akasema, "Mama, huyu hayupo hapa siku nyingi." Akiwa njiani kurudi alimwona mumewe kwa mbali, amekaa kwenye benchi nyuma ya uwanja wa mpira, ovaroli mwilini, hotpoti ya bluu mapajani. Dada aligeuka akapita mtaa mwingine ili asionekane. Tangu siku ile aliendelea kumfungia chakula kila asubuhi, na mumewe aliendelea kuaga kwamba amechelewa kazini, na jioni aliulizwa habari za kazi akajibu nzuri. Alikuwa anakufa na tai shingoni, na mkewe anamsaidia kuikaza. Dada alisema mengine mengi siku ile, kwa kukatizwa na kwikwi, na Kasuku alikaa kwenye kigoda akamsikiliza mpaka mwisho.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu. Hata yeye mwenyewe hajui kama najua."

"Dada, mimi tena? Mdomo huu ni kaburi."

Kaburi! Mdomo unaolipwa kwa kusema! Lakini tusimwonee, alimaanisha. Alitoka pale akaenda zake, na kwa siku kadhaa alipita mbali na uwanja wa mpira, asije akamkuta shemeji yake pale benchini wakakosa pa kuweka nyuso.

Halafu ikaja siku ya mvua. Ilianza alfajiri, umeme ukakatika, na Kasuku akakaa bandani asubuhi nzima na filamu mpya mkononi asiweze kuitazama. Umeme ulirudi watu wakiwa tayari wamejaa, maana mvua ni rafiki wa banda la video: mafundi hawapandi juu ya paa, wachuuzi hawapangi bidhaa, kila asiye na pa kwenda anatafuta palipo na bati. Mwenye banda, mwanamume mnene aliyekaa mlangoni na kiboksi cha kiingilio, alisema, "Weka tu. Utajua hukohuko mbele." Ikawekwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Kasuku alikuwa anaiona filamu pamoja na wateja wake, naye roho iko juu kama wao.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Koti alifukuzana na gari, Upara alipokea bahasha chini ya meza. Kisha ikaja nyumba nzuri yenye ngazi, na mwanamume aliyevaa suti akimbusu Bibi Machozi shavuni na kutoka na mkoba wake. Bibi Machozi akatoka nyuma yake kwa siri. Akamfuata mtaa hadi mtaa, akajificha nyuma ya mti, akamwona mumewe anakwenda kukaa kwenye benchi la bustani, peke yake, mkoba mapajani. Huenda alikuwa anamsubiri jasusi, huenda muuaji, Kasuku angejuaje? Bibi Machozi akarudi nyumbani, akainua simu, akaanza kuongea. Akaongea, jamani. Kamera ikakaa palepale usoni pake, machozi yakashuka, midomo ikacheza bila kikomo, na Kasuku hakuwa na neno hata moja.

"Kasuku, umelala?" mtu alipiga kelele.

"Mrudishieni mtu kiingilio chake!"

Mwenye banda alikohoa kule mlangoni. Na ule mdomo ukafunguka.

"Jamani wee," alisema Bibi Machozi, na sauti haikuwa ya kubana pua kama siku zote. Ilikuwa ya dada yake, ilivyo hasa, na ile "jamani wee" yake ya kuburuta. "Mume wangu mimi! Kila asubuhi anavaa ovaroli, ananiaga, eti amechelewa kazini. Kazi ipi? Kazi imekufa zamani!"

Banda likaangua kicheko. "Ovaroli gani, mbona ana suti?" aliuliza mmoja.

"Hiyo suti ya kuazima!" alijibu Bibi Machozi, na kicheko kikapanda. Kasuku akakisikia kicheko kile mpaka tumboni. Angeweza kuishia hapo. Hakuishia. "Anakwenda kukaa kwenye benchi nyuma ya uwanja wa mpira, anahesabu kunguru! Na mimi mjinga namfungia chakula kwenye hotpoti ya bluu, namlisha kama kifaranga. Mwanaume suruali huyo, uanaume wake ni nguo tu! Akirudi namwuliza, 'Habari za kazi?' Ananijibu, 'Nzuri!' Nzuri ipi, kunguru wamekupandisha cheo?"

Watu walipiga mabenchi kwa viganja. Na kule nyuma, karibu na ukuta, sauti moja ikaruka juu ya nyingine zote: "Kasuku! Mbona jamaa mwenyewe tunaye huku? Ana ovaroli, ana hotpoti ya bluu!"

Bila kugeuka, kwa ulevi wa kile kicheko, Kasuku alisema kwenye maiki, "Mleteni mbele basi, tumwone!"

Ndipo akageuka.

Shemeji yake alikuwa benchi la mwisho. Mvua ilikuwa imemfukuza uwanjani. Hotpoti ilikuwa wazi mapajani, kijiko mkononi, na tonge bado shavuni, hajalimeza wala hajalitema. Mwanga wa skrini ulimmulika usoni, na watu wote waligeuka kumtazama, meno nje, wakidhani ni sehemu ya burudani. Hakumtazama yeyote ila Kasuku. Kisha akameza. Akaifunika hotpoti taratibu, akahakikisha mfuniko umekaa, akasimama, akapita mbele ya magoti ya watu akisema, "Samahani. Samahani, ndugu." Akainua pazia la mlango akatoka kwenye mvua.

Mtu mwingine angeitupa maiki akamkimbilia. Ndivyo Kasuku alivyojiambia baadaye, tena na tena, kwamba mtu mwingine angekimbia. Yeye alitazama pazia likitulia. Watu wakaita, "Sema, bwana! Koti huyo kaingia!" Mwenye banda akamkodolea macho. Na Kasuku akageukia skrini akasema. Alikoroma kwa Koti, akabana pua kwa Bibi Machozi, akapiga kelele za Upara anapokufa, mpaka majina ya mwisho yalipopanda. Alimwaga mtama penye kuku wengi, kisha akakaa akawamalizia kuku karamu yao. Watu walitoka wakimpiga mgongoni: leo umetuua, Kasuku.

Jioni mvua ilikata, naye akaenda kwa dada yake. Alikwenda kama anayepelekwa. Alisimama dukani akanunua mkate ambao hakuna aliyeuhitaji, akasimama tena kwenye kona akajifanya anasafisha viatu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi nayo ina shughuli zake. Alibisha hodi.

"Pita," alijibu shemeji.

Kwenye kile chumba alicholelewa kulikuwa na viti viwili na kigoda. Kiti kimoja alikaa shemeji, amevaa shati safi. Kiti cha pili kilikaliwa na mfuko wa nguo, umefungwa zipu. Dada alisimama karibu na cherehani, macho yamemvimba.

"Kaa, shemeji," alisema shemeji kwa adabu ileile ya siku zote, na afadhali angempiga kofi. Kasuku akakaa kwenye kigoda, mkate mapajani.

"Mimi nakwenda kwa kaka yangu," aliendelea shemeji. "Dada yako aliniomba nikusubiri. Akasema utakuja. Mimi nikasema huna uso huo. Kumbe umekuja."

"Shemeji, nisamehe. Nakuomba..."

"Ngoja. Msamaha baadaye, kwanza kuna kazi." Akainama mbele, viwiko magotini. "Kwamba mke wangu alijua nimekosa kazi, sawa. Nimeumia, ila mke kumjua mumewe si ajabu. Kwamba alikwambia wewe, damu yake, sawa pia. Angemwambia nani? Lakini mke anayekaa na ndugu yake ananicheka, asubuhi ananifungia chakula kwa tabasamu, huyo siwezi kulala naye chini ya bati moja. Yeye anasema hakunicheka. Wewe ulisema mbele za watu, kwa sauti yake kabisa, hata mimi nilidhani yumo mle ndani, kwamba mimi ni mwanaume suruali. Sasa wewe ndiye mtafsiri. Alisema, hakusema?"

"Hakusema. Hilo ni langu."

"Kifaranga?"

"Langu."

"Kuhesabu kunguru?"

"Langu, shemeji. Naapa."

"Benchi?"

Kasuku alimtazama dada yake, akatazama chini. "La kwake."

"Hotpoti?"

"Ya kwake. Hapana. Yaani alisema anakufungia chakula, lakini hakusema vile."

"Alisemaje?"

Kasuku alifungua mdomo. Akatafuta. Kila alipoyakaribia maneno ya dada yake, yalikuja yale ya bandani, yamevaa chumvi, na kicheko cha watu nyuma yake. Alijua alilisikiliza lile jambo kwa masikio yake, kwenye kigoda hikihiki, na bado hakuweza kumpa shemeji yake sentensi moja nzima kama ilivyotoka.  Alikuwa mtu mzima wa kuheshimika kwa mdomo wake, na mdomo ulikuwa wazi bila kitu ndani.

Shemeji akanyoosha mkono kuuchukua mfuko.

"Mimi nilimwambia naogopa," alisema dada.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Kasuku aingie. Alisema akitazama cherehani. "Nilimwambia, kila jioni nikisikia mlango, ndipo napumua. Maana najua itafika siku aibu itamzidi huyu mtu nguvu, apite moja kwa moja, asirudi kwangu tena. Nikamwambia kazi itapatikana au isipatikane, mimi sherehe yangu ni ule mlango. Hilo ndilo nililolia. Ya benchi na hotpoti nilikuwa namweleza tu ili afike hapo."

 Shemeji alimgeukia Kasuku polepole.

"Alisema hivyo?"

Na sasa Kasuku akakumbuka, bila shida yoyote: sketi ya sare mikononi mwa dada, kwikwi, na maneno hayohayo. "Alisema."

"Kama alivyosema sasa hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Ulikuwa nalo, basi."

"Nilikuwa nalo."

"Watu wamejaa, mimi nimekaa pale, mke wangu anaongea kwa mdomo wako." Sauti ya shemeji haikupanda hata kidogo. "Mbona hilo hukulisema?"

 Kasuku angeweza kutunga sababu. Kutunga ndiyo kazi yake. Lakini dada yake alikuwa amegeuka anamtazama, anasubiri jibu naye, kama aliyekuwa anataka kujua kweli.

"Halichekeshi, shemeji," alisema.

 Shemeji akautoa mfuko kwenye kiti akauweka sakafuni. "Kaa, mke wangu," alisema. Dada akakaa. Walikuwa wamekaa hivyo, magoti yanakaribia kugusana, wakitazamana kama watu wenye mengi ya kusemezana na wasiojua pa kuanzia, na Kasuku akaelewa kwamba ni yeye aliyezidi chumbani.

"Basi mimi niende," alisema.

Siku nyingine wangemzuia. Kula kwanza, unakimbilia wapi, mke unaye? Siku nyingine dada angemsindikiza mpaka barabarani, wasimame kwenye kona na kuagana mara tatu. Kasuku aliuweka mkate juu ya kigoda, akangoja kidogo pale mlangoni, mkono kwenye kitasa, labda ataitwa. Dada yake hakugeuza hata kichwa. Akajifungulia mwenyewe, akatoka.